Ngarenanyuki: Jina, Maji na Ardhi Chini ya Mlima Meru

Upande wa kaskazini mashariki wa Mlima Meru, mkoani Arusha, mahali ambapo msitu wa mlima unakoma na nyika kavu inayoelekea Longido na Kilimanjaro inaanza, kuna eneo la wakulima na wafugaji linaloitwa Ngarenanyuki, ambalo katika nyaraka za zamani huandikwa Engare Nanyuki. Eneo hilo limo katika Halmashauri ya Wilaya ya Meru, na msafiri anayetoka Usa River kulifikia hupita katika barabara inayokatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kwa ukubwa wake Ngarenanyuki haikustahili kujulikana nje ya wilaya yake, kwa kuwa haikuwahi kuwa mji, soko kuu wala makao ya utawala. Hata hivyo mwaka 1952 jina lake lilitamkwa katika kumbi za Umoja wa Mataifa huko New York, na mgogoro wa ardhi uliolifikisha huko una nafasi isiyopingika katika historia ya madai ya uhuru wa Tanganyika. Historia ya mahali hapa inaeleweka vizuri zaidi ikifuatwa kwa kuangalia namna kila tabaka la watu lilivyolitaja, kwa sababu kutaja mahali ni namna mojawapo ya kusema mahali hapo ni pa nani na pana kazi gani.

Jina lenyewe ni la Kimaasai. Katika lugha hiyo neno enkare lina maana ya maji, na kwa kupanuka kwa maana hutumika pia kwa mto au chemchemi, ilhali nanyokie ni kitenzi cha hali chenye maana ya kuwa -ekundu, kikitanguliwa na kiambishi na- ambacho hurejelea nomino ya jinsi ya kike, yaani enkare. Jina zima basi ni sawa na kusema maji ambayo ni mekundu. Muundo huu ni wa kawaida sana katika nchi yote iliyowahi kulishwa mifugo ya Wamaasai: mji mkuu wa Kenya umepata jina lake kutoka enkare nairobi, maji baridi, Narok imetokana na maji meusi, mji wa Nanyuki ulio chini ya Mlima Kenya una asili moja na Ngarenanyuki, na upande wa magharibi wa Kilimanjaro, si mbali na hapa, ipo Ngarenairobi. Mfugaji anayehama na ng'ombe wake huitaja nchi kwa maji yake, rangi yake, baridi yake na ladha yake, kwa kuwa hayo ndiyo anayopaswa kuyajua kabla hajafika. Makarani na wachora ramani wa Kijerumani na wa Kiingereza waliandika walichosikia, wakapata engare kutoka enkare na nanyuki kutoka nanyokie, kisha Kiswahili cha kila siku kikadondosha irabu ya mwanzo na kuyaunganisha maneno mawili kuwa moja. Hata majina ya vijiji vya jirani, kama Olkung'wado, yanaonyesha alama hiyo hiyo ya Kimaasai, kwa maana ol- ni kiambishi cha jinsi ya kiume kama en- kilivyo cha jinsi ya kike.

Wekundu unaotajwa si wa kubuni. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, ni volkano ambayo ukuta wake wa mashariki ulibomoka zamani na kumwaga shehena kubwa ya mawe, majivu na tope hadi mbali kwenye uwanda ulio kati yake na Kilimanjaro. Ndiyo sababu nchi ya Momella na Ngarenanyuki imejaa vilima vidogo vilivyotawanyika bila mpangilio, na katikati ya vilima hivyo yakatokea mabonde yaliyojaa maji na kuwa maziwa ya Momella. Mto unaotelemka kupita katika mabaki hayo huchukua udongo na majivu laini, na wakati wa mvua hubadilika rangi waziwazi. Tena, upande huu wa mlima umo katika kivuli cha mvua, yaani upande ambao pepo zenye unyevu hufika zikiwa zimekwisha kumwaga maji yake kwenye miteremko ya kusini. Kwa hiyo, wakati miteremko ya kusini ilibeba migomba na baadaye kahawa, upande wa Ngarenanyuki ulikuwa nchi ya nyasi, migunga na vumbi, ambako mto ulikuwa na thamani kuliko ardhi iliyopakana nao.

Wameru, ambao wenyewe hujiita Varwa na ambao lugha yao iko karibu na lahaja za Kichaga, walijenga vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba na kurithiwa ndani ya ukoo, katika miteremko ya kusini na kusini mashariki. Kwao nchi ya kaskazini ilikuwa ya malisho na ya magadi, ile chumvi ya udongo ambayo ng'ombe huhitaji ili wanenepe na kuzaa vizuri. Ni kosa, basi, kudhani kwamba nchi isiyokuwa na nyumba nyingi ilikuwa haina wenyewe. Mpangilio wa maisha uliunganisha kihamba cha juu chenye unyevu na malisho ya chini makavu, na mkulima aliyekosa kimojawapo alikuwa na nusu ya uchumi tu. Kosa hilo la kuhesabu nyumba na kusahau ng'ombe ndilo lililorudiwa na tawala mbili za kigeni, na bila kulielewa mgogoro uliofuata hauelezeki.

Utawala wa Kijerumani uliingia Meru kwa mabavu. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na wapiganaji wa Meru na Arusha, na Kapteni Kurt Johannes akalipiza kwa misafara ya kijeshi iliyoteka mifugo kwa wingi na kukata migomba. Baada ya nchi kutiishwa, boma likajengwa Arusha, na katika miaka iliyofuata ardhi iliyozunguka mlima kwa chini ikakatwa na kugawiwa walowezi, miongoni mwao Makaburu kutoka Afrika Kusini waliofika kuanzia takriban 1904 na Wajerumani waliokuwa wakiishi Urusi. Kijiji cha walowezi hao wa mwisho, karibu na Usa River, kiliitwa Leudorf kwa heshima ya August Leue, afisa aliyesimamia uhamiaji wao; leo jina hilo limefutika na watu husema Leganga. Makaburu walipewa sehemu za kaskazini, kuanzia Oldonyo Sambu kuelekea Ngarenanyuki, kwa kuwa walikuwa wafugaji waliozoea nchi kavu. Mnyororo huo wa mashamba ndio ambao wanahistoria wameuita pete ya chuma, kwa maana uliuzunguka mlima na kuwatenga wenyeji wa miteremko na malisho na magadi yao.

Ndani ya pete hiyo mahali palipewa utambulisho wa aina mpya, yaani namba. Katika daftari la ardhi kila kipande kilichokatwa kilisajiliwa kwa tarakimu, na vipande viwili vya Ngarenanyuki, shamba namba 31 na shamba namba 328, vilikuja kuwa maarufu kwa tarakimu hizo. Tofauti kati ya jina na namba hapa si ya mtindo tu. Jina la Kimaasai lilitaja mto, ambao hauwezi kuzungushiwa mipaka na ambako wengi walinywesha mifugo yao kwa zamu; namba ilitaja eneo lenye pembe na mwenye hati mmoja, na lililobaki nje ya pembe hizo, hata kama ni njia ya ng'ombe iliyotumika tangu enzi za mababu, halikuwa na mahali pa kuandikwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipowaondoa Wajerumani, Waingereza walitaifisha mali zao na kuuza tena mashamba mengi kwa walowezi wapya, hivyo pete ikabaki. Hata hivyo mashamba namba 31 na 328 yaliingia mikononi mwa Wameru wakati wa utawala wa Uingereza, na familia zilizobanwa na uhaba wa ardhi mlimani zikahamia huko kwa kudumu, zikachimba mifereji ya kutoa maji mtoni, zikapanda mahindi na maharage, zikafuga, zikajenga kanisa na shule. Katika miongo michache nchi iliyokuwa ya malisho ya msimu ikawa makazi kamili. Waliohamia hawakubadilisha jina la Kimaasai walilolikuta, bali walilichukua kama lilivyo, na kufikia miaka ya 1940 mtu aliyesema anatoka Engare Nanyuki alikuwa kwa kawaida mkulima Mmeru na Mlutheri.

Baada ya vita vya pili, serikali ya Tanganyika, ambayo tangu 1946 ilitawala nchi kwa niaba ya Umoja wa Mataifa chini ya mfumo wa udhamini, ilimteua Jaji Mark Wilson kuchunguza ugawaji wa ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Ripoti yake, iliyotolewa 1947, ilikiri kwamba wenyeji wa milima ya Meru na Kilimanjaro walikuwa wamebanwa, na ilipendekeza baadhi ya mashamba ya walowezi yarudishwe kwao. Lakini ilifunga ndani yake pendekezo jingine, kwamba Wameru waondolewe Ngarenanyuki ili ukanda wote ulio kati ya Meru na Kilimanjaro, uitwao Sanya, uwe eneo moja la Wazungu lisilokatizwa, lenye mashamba 13 ya ng'ombe wa nyama na maziwa. Ambao wangehamishwa walitengewa King'ori, upande wa kusini mashariki. Kwenye karatasi mabadilishano hayo yalionekana ya haki, kwa sababu ekari zilitolewa na ekari zikapokelewa. Kwa mfugaji aliyejua nchi hizo mbili, King'ori ilikuwa nchi ya joto na ya magonjwa, isiyo na mto wa kulinganishwa na ule ulioachwa.

Wameru walikataa. Walikataa kuhama, wakakataa pia kupokea fidia, wakielewa vizuri kwamba anayepokea fedha anakuwa amekubali kuuza. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1951 ulipokea malalamiko yao, lakini serikali, chini ya Gavana Edward Twining, haikusubiri. Kuanzia 17 Novemba hadi 12 Desemba 1951, polisi na vibarua walioletwa kutoka nje waliingia shamba baada ya shamba, wakatoa vyombo nje, wakabomoa na kuchoma nyumba, wakaswaga mifugo na kupakia watu na mizigo kwenye malori kuelekea King'ori. Takriban watu 3,000 waliondolewa kwa njia hiyo. Kanisa na shule navyo havikusalimika. Wenyeji hawakuchukua silaha. Walikaa kimya mbele ya nyumba zao, na wengi wao walipofikishwa King'ori hawakukaa, bali walipanda mlimani kwa ndugu zao, katika vihamba ambavyo tayari vilikuwa vidogo. Ng'ombe wengi walikufa njiani na baada ya kufika. Kuhusu tukio hili inafaa kusema bila kupunguza maneno kwamba lilikuwa dhuluma, iliyofanywa kwa utaratibu na kwa kumbukumbu zilizowekwa vizuri, dhidi ya watu ambao hawakuwa na kosa lolote isipokuwa kukaa mahali ambapo mpango ulitaka pawe wazi.

Wameru walijibu kwa njia ambayo serikali haikuitarajia. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, mwananchi alikuwa na haki ya kupeleka malalamiko moja kwa moja Umoja wa Mataifa, na watu wa Meru, kupitia umoja wao wa wananchi, walichangishana fedha ili haki hiyo itumike. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, na msemaji waliyemchagua alikuwa Kirilo Japhet, mtu wa Meru aliyekuwa katika chama cha TAA, kile kilichotangulia TANU. Mwaka 1952 shauri lao lilisikilizwa kwanza katika Baraza la Udhamini, lililosikitishwa na uhamishaji ule bila kuubatilisha, kisha mwishoni mwa mwaka katika Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, inayoshughulikia nchi zisizojitawala. Kirilo Japhet akawa Mtanganyika wa kwanza kusimama mbele ya chombo hicho na kueleza madai ya watu wake. Kamati ilipitisha azimio la kuunga mkono Wameru na kutaka warudishiwe ardhi yao, lakini azimio hilo lilipofika kwenye kikao kizima cha Baraza Kuu halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika, nalo likaanguka.

Katika hati hizo zote ndipo uzito wa jina unapoonekana. Serikali ilitetea mpango kwa lugha ya ekari, ya uwiano wa mifugo na eneo, na ya matumizi bora ya ardhi, ilhali Wameru walilisema shauri kwa jina la mahali, pamoja na makaburi, mifereji na kanisa vilivyokuwa hapo, na hata walipolazimika kutaja namba 31 na 328 walizitaja ili kuthibitisha kwamba hata kwa kipimo cha daftari la mkoloni ardhi ilikuwa yao. Wajumbe wa nchi za Asia na Amerika ya Kusini, ambao hawakuwahi kuuona mto ule, walijadili Engare Nanyuki kana kwamba ni mahali panapofahamika. Ndani ya Tanganyika habari zilisambaa kwa wanachama wa TAA katika mikoa ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Meru, zikawafundisha watu kwamba dai la kijiji kimoja linaweza kuwa hoja ya nchi nzima. TANU ilipoundwa 7 Julai 1954, na Julius Nyerere alipokwenda katika Baraza la Udhamini mwaka 1955, njia ya kwenda New York ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Kirilo Japhet na Seaton baadaye waliandika pamoja kitabu kuhusu shauri hilo, kilichochapishwa 1967.

Mashamba ya ng'ombe yaliyosababisha yote hayo hayakustawi kama ilivyoahidiwa, na baada ya uhuru wa 1961 ardhi ya Ngarenanyuki ilirudi mikononi mwa Wameru. Wakati huo huo ushirika wa Wameru, uliosaidiwa kwa miaka kadhaa na Mmarekani Anton Nelson, ulinunua baadhi ya mashamba ya walowezi waliokuwa wakiondoka, hivyo pete ya chuma ikafunguliwa kwa fedha za kahawa. Mpaka mpya, hata hivyo, ulikuwa ukichorwa upande wa mlimani: Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto ilianzishwa 1960, na 1967 ikaunganishwa na kreta ya Meru na kuitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kisha ikapanuliwa tena ilipochukua msitu wa hifadhi wa Mlima Meru. Vijiji vya Ngarenanyuki vinapakana nayo, na tembo, nyati na nyani wanaotoka humo ni sehemu ya hesabu ya kila mkulima anayepanda mahindi karibu na mpaka.

Kilimo cha leo kinategemea mto ule ule. Maji hutolewa mtoni kwenye banio, yaani kizuizi kinachoyaelekeza kwenye mfereji, kisha hugawiwa kwa zamu zinazosimamiwa na kamati ya mfereji, na zamu ya usiku huhesabiwa kama ya mchana, hivyo si ajabu kumkuta mkulima saa nane za usiku akiwa na jembe na tochi, akifungua na kuziba matuta moja baada ya jingine kabla jirani wa chini hajadai haki yake. Zao lililoshika nafasi ya kwanza ni nyanya, likifuatwa na vitunguu, maharage na viazi. Nyanya huchumwa zinapoanza tu kubadilika rangi, hupangwa katika matenga na kupakiwa kwenye magari ya wachuuzi yanayozipeleka Arusha, Dar es Salaam na hata Kenya. Bei huamuliwa na dalali aliyesimama kando ya shamba, naye huijua bei ya soko la mjini kabla ya mkulima. Nchi ambayo Jaji Wilson aliiona inafaa ng'ombe tu imegeuka kuwa bustani, na imefanywa hivyo na watu wale wale waliosemekana hawajui kuitumia.

Liko jambo moja ambalo jina la kale halikulitaja, kwa kuwa macho hayalioni. Maji yanayopita katika majivu ya volkano ya Meru huyeyusha floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha meno na kwa kiasi kikubwa huyaharibu, na vipimo vya mto wa Ngarenanyuki vimeonyesha viwango vinavyopita mara kumi na zaidi ya kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi haina rangi, haina harufu, na haibadilishi ladha. Alama yake huonekana kwa watoto waliokunywa maji hayo wakiwa wadogo, ambao meno yao huota na madoa ya kahawia, na kwa baadhi yao miguu hupinda. Madhara hayo yaliongezeka watu walipoacha kuja na ng'ombe kwa msimu na kuanza kuishi kando ya mto mwaka mzima. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilicho upande wa pili wa hifadhi, wataalamu wametengeneza vichujio vinavyotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi maji yanapopita ndani yake. Mkaa huo huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, na kwa familia isiyo na kichujio njia iliyobaki ni kukinga maji ya mvua kwenye bati na kuyatenga kwa ajili ya watoto, huku ya mtoni yakiachiwa mifugo na nyanya.